Siku moja maishani mwangu: karani wa mishahara na safu ya nne

Saa 11:20 alfajiri

Simu imelia kabla ya kengele. Ni ujumbe wa bosi, aliutuma saa tano usiku nikiwa nimeshalala: "Serikali ikipandisha kima cha chini cha mshahara, tunaumia kiasi gani? Nipe hesabu kabla ya saa kumi."

Hilo neno "tunaumia" limenichekesha peke yangu gizani. Mimi ni karani wa mishahara kwenye karakana ya kushona sare. Tuko watu 62 kwenye orodha, na kati ya hao wapo ambao kikipanda hawataumia hata kidogo. Leo ni tarehe 24, siku mbili kabla ya kufunga mishahara. Kama kuna siku ya kutoniomba hesabu ya jambo ambalo halijatokea, ni hii.

Saa 12:40 asubuhi

Basi limejaa, redio iko juu, na mada ni hiyohiyo. Mmoja redioni anasema waajiri watapunguza watu. Mwenzake anamjibu kwamba mshahara usiomfikisha mtu mwisho wa mwezi si mshahara, ni nauli ya kumrudisha kazini kesho. Abiria wanacheka. Aliyekaa pembeni yangu ananigeukia, "Unaonaje?" Nikamwambia sijui. Ukishajulikana unashughulika na mishahara ya watu, safari nzima utaeleza makato ya jirani, ya shemeji yake na ya shemeji wa shemeji.

Ningekuwa na ujasiri ningewaambia wote wawili kitu kimoja. Wanaongea kana kwamba kima cha chini ni namba moja. Kwenye kompyuta yangu kila mfanyakazi ana visanduku kumi na vinne: msingi, siku, saa za ziada, posho ya lengo, makato ya hifadhi ya jamii, deni la mkopo, na vinginevyo. Sheria ya kima cha chini inagusa kimoja. Vingine vingi vinabaki mikononi mwetu.

Saa 1:40 asubuhi

Nimefika, na washonaji wengi wameshakaa. Kazi inaanza saa 2 kamili, na mashine ya kadi inahesabu kuanzia hapo. Ila cherehani haijiandai yenyewe. Lazima ufute mafuta ya jana yasichafue kitambaa, utie uzi, ubadilishe sindano, ujaribu mshono kwenye kipande cha taka. Dakika ishirini hivi, na zote ziko nje ya kadi.

Dakika ishirini mara siku 26 ni dakika 520. Saa nane na dakika arobaini. Kila mwezi kila mshonaji anatoa zaidi ya siku nzima ya kazi bure, na hakuna aliyekaa akapanga iwe hivyo. Ilianza tu, ikazoeleka. Niliwahi kumwambia bosi. Akasema ataliangalia.

Saa 3:10 asubuhi

Mama wa kola amekuja dirishani kwangu. Tunamwita hivyo kwa sababu kwa miaka 11 ameshona kola tu, na kola yake huipati ikiwa imepinda. Ana hati mbili za mshahara zilizokunjwa mara nne, zimeanza kuchanika kwenye mikunjo.

"Mwanangu, nisomee hizi."

Anajua kusoma vizuri kuliko mimi. Alitaka nizione. Moja ni ya miaka mitano iliyopita, mwezi wa mwisho kabla kima cha chini hakijapanda mara ya mwisho. Ya pili ni ya miezi mitatu baadaye. Msingi umepanda, haina ubishi. Ameweka kidole kwenye posho ya lengo: hati ya kwanza ina kiasi kizuri, ya pili ina sifuri. Kidole kikashuka hadi chini kabisa, kwenye kiasi alichopeleka nyumbani. Namba zinakaribiana kama mapacha.

Nilikuwa bado sijaajiriwa, lakini kumbukumbu ziko kwenye faili. Mwezi mmoja baada ya nyongeza, lengo la siku lilipandishwa kutoka kola 90 hadi 104. Anayefikisha 90 hakustahili tena posho. Kwa hiyo nyongeza ililipwa na vidole vyake mwenyewe.

"Na mara ile," akasema, "nilikuwa na miaka sita hapa. Wakanisawazisha na binti aliyeingia jana yake. Nimepanda tena taratibu mpaka hapa nilipo. Sasa naambiwa kinapanda. Mwanangu, mimi nitakuwa wapi?"

Nikamwambia, "Mama, niachie mpaka jioni."

Saa 4:30 asubuhi

Jedwali. Namba halisi za karakana si zangu kuzianika, basi tuseme kima cha chini cha sasa ni 100. Watu 38 wako kwenye 100. Wazoefu 15, akiwemo Mama wa kola, wako kwenye 112. Sita tuko kwenye 130 (ndiyo, na mimi nimo, mstari wa 57, mjue nina upande). Watatu wa juu wako kwenye 190. Jumla ya mwezi ni 6,830.

Tuseme serikali inakipeleka 115 kwa mkupuo.

Safu ya kwanza ni sheria tupu: kila aliye chini ya 115 anafikishwa hapo, basi. Jumla inakuwa 7,445, ongezeko la asilimia 9. Hapo ndipo swali la mama linapojibiwa vibaya. Yeye wa miaka 11 na kijana anayejifunza kukata nyuzi wote wako 115. Ngazi aliyopanda kwa miaka imemezwa na sakafu.

Safu ya pili: sheria pamoja na heshima kidogo. Wazoefu wanapelekwa 122, sisi sita 134, wa juu wabaki walipo. Jumla 7,574, kama asilimia 11 hivi.

Safu ya tatu: kila mtu asilimia 15. Hiyo nimeiweka ili ile ya pili ionekane ya kawaida. Ujanja wa makarani.

Nimerudia hesabu mara tatu kwa sababu bosi huwa anaanza kwa kutafuta kosa, akilipata hasomi tena.

Saa 7:00 mchana

Mapumziko. Nimetoa daftari la masomo ya jioni ya uhasibu, yale niliyosoma kwa miaka miwili nikitoka kazini, nusu ya vipindi nikisinzia. Kipindi kimoja sikusinzia. Mwalimu alitusimulia jimbo la New Jersey kule Marekani, lililopandisha kima cha chini Aprili 1992 kutoka dola 4.25 kwa saa hadi 5.05. Jirani yake Pennsylvania hakupandisha. David Card na Alan Krueger wakafuatilia migahawa 410 ya pande zote mbili za mpaka, kabla na baada. Vitabu vilisema ukipandisha bei ya kitu, wanunuzi wanapungua, na kazi nayo ni kitu. Wao hawakuona ajira ikipungua New Jersey. Walichapisha mwaka 1994, ugomvi ukawaka, na mwaka 2021 Card akapewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi. Krueger alikuwa ameshafariki.

Kilichonifanya niinue kichwa siku ile ni sehemu inayofuata. Wapinzani wao, David Neumark na William Wascher, walisema kupiga simu na kuuliza "una wafanyakazi wangapi" hakutoshi. Wakakusanya orodha za mishahara za migahawa, wakapata jibu la kinyume: ajira ilipungua. Card na Krueger wakarudi na takwimu za serikali, wakasema athari ni ndogo au haipo. Nikajiambia, kumbe wanauchumi wakubwa wa dunia wanagombania makaratasi kama ninayoandaa mimi kila tarehe 26.

Sikupata hapo jibu la moja kwa moja, na sidhani lipo la kila mahali. Nilichoondoka nacho ni kwamba anayeapa kazi zitaisha na anayeapa hakuna atakayeguswa wote wanakisia. Inategemea unapandisha kwa kiasi gani na kwa ghafla gani.

Saa 8:15 mchana

Lori la vitambaa limeingia. Vijana wanne wanapakua majora, jora moja begani, mwili umepinda kama mkono wa kikombe. Hao hawamo kati ya 62. Ni vibarua, wanalipwa kutoka kwenye kasha la matumizi madogo, wanaandika jina na kuweka saini kwenye daftari la mistari, siku imeisha.

Mmoja kaja kuchukua hela yake, kaona jedwali kwenye kioo cha kompyuta. "Dada mkubwa, hicho kinachopanda, na sisi tumo?"

Nikamwambia ukweli: sheria inamhusu hata yeye, ila karatasi yangu haimjui. Mkaguzi wa kazi akija ataomba orodha, na orodha haina jina lake. Kwa hesabu za Shirika la Kazi Duniani, zaidi ya nusu ya wafanyakazi duniani wako kwenye ajira isiyo rasmi kama yake. Kijana akahesabu noti zake, akaniuliza kama lori lingine linakuja kesho. Linakuja.

Saa 9:40 alasiri

Ofisini kwa bosi. Kaanza kama nilivyotabiri, kwa kutafuta kosa. Hajalipata. Kaganda kwenye asilimia 9. "Unaona? Huku ndiko kuumia."

Nikamwonyesha mstari wa chini. Katika kila 100 tunayotumia hapa, mishahara ni 30 hivi. Nyingine ni vitambaa, nyuzi, umeme, pango, matengenezo. Asilimia 9 ya 30 ni 2.7. Sare ya 100 ikiuzwa 103, tumeshafidia na chenji imebaki.

Alinyamaza kidogo. Bosi wangu si mtu mbaya, niseme tu. Aliwahi kukosa mshahara wake mwenyewe miezi miwili ili sisi tupate. Akasema, "Tatu si shida. Shida nimeshasaini bei ya mwaka mzima na wateja wawili wakubwa. Wakitangaza mwezi huu kianze mwezi ujao, hiyo tatu inatoka kwangu, na wale wanne niliotaka kuwaajiri siwaajiri."

Hapo nikamwelewa kuliko nilivyotaka. Redio wanabishana kama kima kipandishwe au kisipandishwe. Huyu kinachomtisha ni kalenda. Kima kikikaa miaka mitano bila kuguswa, mshonaji anapoteza kidogo kidogo kila bei zinapopanda, halafu siku moja deni lote linatua mezani kwa mwajiri. Marekani kima cha chini cha shirikisho ni dola 7.25 tangu Julai 2009. Majimbo mengi yamejipandishia yenyewe, lakini namba ya shirikisho iko palepale. Uingereza walianza mwaka 1999 na pauni 3.60 kwa saa, na wana tume inayokaa kila mwaka wakiwemo watu wa waajiri na wa vyama vya wafanyakazi. Kiwango kipya kinatangazwa miezi kadhaa kabla ya kuanza kutumika Aprili. Chama cha Conservative kiliipinga sheria ile ilipokuwa bungeni. Mwaka 2016 serikali ya chama hichohicho ndiyo iliyokuja na kima cha chini kikubwa zaidi kwa wafanyakazi wa miaka 25 na kuendelea.

Nikamwomba dakika kumi, nikaongeza safu ya nne pale pale mbele yake. Kama kima kingepanda asilimia 3 kila mwaka tangu nyongeza ya mwisho, leo tungekuwa kwenye 115.9. Pale pale anapopaogopa, tungeshafika tukitembea, na kila mkataba wa bei ungekuwa umeshabeba kipande chake.

"Hiyo ni ya kuiambia serikali," akasema. "Mimi nimekuuliza ya kwangu."

"Ya kwako ni safu ya pili, bosi. Na lengo la kola libaki lilipo. Na zile dakika ishirini."

Kaniangalia. Simu yake ikalia, akanionyesha mlango kwa kidevu.

Saa 11:05 jioni

Mama wa kola ananisubiri getini, mkoba begani, miwani bado iko kichwani.

"Enhe?"

Nikamwambia nimeandika wazoefu wakae juu ya wapya, lakini kuandika si kupitisha. Akauliza juu kwa kiasi gani. Nikamwambia saba. Akapiga hesabu kimya, midomo ikicheza.

"Saba kwa miaka kumi na moja," akasema. Hakuwa amekasirika. Akanishika mkono, akaniaga, akaondoka kuwahi basi.

Nilikuwa nimeionea fahari ile safu ya pili tangu asubuhi.

Saa 3:20 usiku

Nimeoga, nimekaa, nimefungua faili tena. Nimebadilisha wazoefu kutoka 122 hadi 125 na kurudisha mstari wetu sisi wa 130 pale pale ulipokuwa. Jumla imekuwa 7,595, imezidi ya mwanzo kwa 21 tu. Nimetuma.

Bosi kajibu baada ya dakika tano. Huyu mtu halali. "Safu ya pili tuiongee kesho saa 3. Ya nne itoe, inanichanganya."

Nimeitoa kwenye nakala yake. Kwangu ipo. Kesho ni tarehe 25, na kadi 62 za mahudhurio bado sijazigusa.