Maji Yaliyo Kati ya Lenzi na Samaki

Katika picha nilizopiga chini ya bahari, zipo nne ambazo sichoki kuzitazama, na leo napenda kuzieleza moja baada ya nyingine: mwanga ulitoka wapi, kamera ilikuwa umbali gani, na mnyama mwenyewe alikuwa akifanya nini. Sikuzichagua kwa sababu ya uadimu wa viumbe waliomo, maana karibu wote ni wanyama ambao mzamiaji yeyote wa bahari za joto hukutana nao. Nilizichagua kwa kuwa katika kila moja maji yaliyo kati ya lenzi na mnyama ni machache mno, na kwa maoni yangu uchache huo wa maji ndio msingi wa kazi hii nzima.

Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara mia nane, na humeza mwanga kwa upendeleo. Rangi nyekundu ndiyo hutangulia kupotea: katika mita chache za kwanza huanza kufifia, na ukifika kina cha mita 10 karibu yote imekwisha; rangi ya chungwa na manjano huifuata, mpaka hatimaye kila kitu kinakuwa cha buluu au cha kijani kibichi. Wapo wanaodhani kwamba kinachohesabiwa ni kina peke yake, ilhali kinachohesabiwa ni safari nzima ya mwanga, yaani kutoka juu ya maji hadi kwa mnyama, kisha kutoka kwa mnyama hadi kwenye lenzi. Kwa sababu hiyo samaki mwekundu aliye karibu na uso wa bahari lakini mbali na kamera bado atatoka akiwa na rangi ya kijivu. Zaidi ya hayo, maji ya bahari hayakosi chembe za mchanga na viumbe vidogo vinavyoelea, na kila sentimita unayoiongeza kati yako na unachokipiga ni chembe nyingine zinazoingia ndani ya picha.

Tatizo hili ni la zamani kama fani yenyewe. Louis Boutan, mwanabiolojia Mfaransa aliyeanza kupiga picha chini ya bahari huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, alilazimika kubuni namna ya kuwasha magnesiamu chini ya maji ili apate mwanga wa kutosha. Mwaka 1926, William Longley na Charles Martin walipopiga picha ya kwanza ya rangi ya samaki akiwa baharini, katika maji ya Florida, walitegemea unga wa magnesiamu uliolipuliwa juu ya chelezo. Ninapobofya kitufe na flashi mbili ndogo zikawaka bila kishindo wala moshi, huwafikiria watu hao kwa heshima kubwa.

Nianze na picha ya mkunga, yule samaki mrefu mwenye umbo la nyoka. Alikuwa ametoa kichwa nje ya tundu lake kwenye matumbawe, kinywa wazi, na ndani ya kinywa hicho alikuwamo kamba mdogo mwenye mgongo mwekundu uliokatwa na mstari mweupe, akisafisha meno ya mwenyeji wake. Watu wengi wanaoiona picha hii husema kwamba mkunga amekasirika. Sivyo. Mkunga hufungua na kufunga kinywa muda wote kwa sababu ndivyo anavyosukuma maji yapite kwenye matamvua yake. Hiyo ni pumzi, si kitisho. Anapotaka kusafishwa hutulia zaidi, na kamba huingia na kutoka bila kudhurika, ingawa nyuma ya kinywa hicho ipo jozi ya pili ya mataya, kooni, ambayo wanasayansi waliieleza namna inavyofanya kazi mwaka 2007: husogea mbele, hushika windo na kulivuta ndani.

Nilitumia lenzi ya makro, yaani ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 60, nyuma ya kioo bapa cha kasha linaloikinga kamera na maji. Kioo cha namna hiyo, kwa jinsi mwanga unavyopinda unapotoka majini na kuingia hewani, huonyesha vitu kana kwamba viko karibu zaidi kwa robo ya umbali wake, na hilo humfaa anayetafuta vitu vidogo. Flashi zote mbili nilizirudisha nyuma ya usawa wa kioo cha mbele na kuzielekeza nje kidogo, ili mkunga aangazwe na ukingo wa mwanga na si na kitovu chake. Kwa mpangilio huo maji yaliyo mbele ya lenzi hubaki gizani, na chembe zake hazing'ai. Ukiitazama picha kwa karibu utaona kwamba miguu ya mbele ya kamba imekanyaga jino moja la chini, na kwamba sharubu zake nyeupe zimevuka mdomo wa mkunga na kutokea upande wa pili.

Namna ya kumkaribia ilihitaji uangalifu kuliko mipangilio ya kamera. Nilimwendea kutoka chini, polepole, bila kumkinga mwanga wa juu, maana kivuli humshtua samaki haraka kuliko umbo la mtu. Mapovu nayo humsumbua. Mzamiaji anayepumua kwa mtungi hapaswi kamwe kuzuia pumzi, kwa kuwa akipanda hata kidogo huku amebana hewa, hewa hiyo hutanuka na inaweza kuyapasua mapafu. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hamu ya picha huwafanya baadhi ya watu walisahau. Ninachofanya ni kutoa pumzi taratibu sana na kubofya pumzi inapokaribia kuisha, wakati mwili umetulia na mapovu yamekwisha kupanda.

Picha ya kasa ina maelezo mafupi zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na jua. Aliyekaa chini ya maji tulivu na kutazama juu huona duara la mwanga ambalo ndani yake anga yote, kutoka upeo hadi upeo, imebanwa katika pembe ya nyuzi 97 hivi. Nje ya duara hilo uso wa bahari hugeuka kioo kinachoakisi giza la chini. Nilitaka kasa awe katikati ya duara hilo. Nilitumia lenzi pana kabisa nyuma ya kioo cha kuba, ambacho hurudisha upana unaopunguzwa na kioo bapa, na nikaweka kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde ili miale ya jua ionekane ikiwa imetengana badala ya kuwa doa moja jeupe. Flashi ziliwaka kwa nguvu ndogo tu, zikaangaza gamba la tumboni ambalo bila hivyo lingekuwa jeusi.

Hata hivyo kuna sharti nisilolivunja. Kasa ni mnyama anayevuta hewa kama sisi, na anapopanda kwenda kupumua hapaswi kukuta mtu njiani. Nilimwacha apande, nikamsubiri huku nikiwa nimesogea kando, na picha nilimpiga akiwa anashuka, mapafu yamejaa, mapezi ya mbele yamenyooka. Naamini utulivu huo unaonekana katika mkao wake. Picha za kasa anayekimbia huwa na nyuma ya gamba na miguu miwili, na sioni sababu ya kumwekea mtu yeyote picha ya mnyama anayemkimbia.

Pweza nilimpiga usiku. Mchana hujificha na kufanana na mwamba kiasi kwamba mara nyingi hutambulika kwa jicho lake tu, lakini usiku wapo wanaotoka kuwinda na kutembea juu ya mchanga wazi. Tochi nyeupe ingemfanya asinyae, kwa hiyo nilitumia tochi yenye mwanga mwekundu kwa ajili ya kulenga, kwa kuwa macho ya pweza huona vyema mwanga wa buluu na kijani na hayaushughulikii sana wekundu. Ni ajabu ambayo bado hunigusa: mnyama anayebadilisha rangi ya ngozi kwa chini ya sekunde moja, kwa kutanua na kubana maelfu ya vifuko vidogo vya rangi, ana macho yenye aina moja tu ya kipokeo cha mwanga, na kwa kadiri inavyoeleweka haoni rangi kama tuzionavyo.

Nilijilaza juu ya mchanga mtupu, mbali na matumbawe, nikaiweka kamera mbele yangu bila kuisogeza. Yeye ndiye aliyekuja. Aliuzunguka mwanga, akasimama, kisha akanyoosha mkono mmoja na kukigusa kioo cha kuba kwa ncha yake. Picha niipendayo ni ya dakika hiyo: vikombe viwili vya kunyonyea vimebandikwa kwenye kioo, kingo zake nyeupe na katikati zina mikunjo midogo kama ya ngozi ya kidole kilicholowa, na nyuma yake, mbali kidogo, jicho lenye mboni ya mstari uliolala. Lenzi pana inaweza kulenga kitu kilicho karibu kiasi hicho, ilimradi uwe umeubana mwanya wa lenzi hadi f/14 au zaidi (namba ikikua, mwanya hupungua) ili kioo na jicho vyote vionekane kwa ukali. Hapo maji kati ya lenzi na mnyama yalikuwa yamekwisha kabisa, na sikuyaondoa mimi.

Nimeiacha mwisho picha niliyoihangaikia kuliko zote. Katika jamii ya samaki wadogo wa miamba inayoitwa kitaalamu Apogonidae, dume ndiye anayelea mayai, na huyalea kinywani mwake. Jike akishataga, dume huyakusanya mdomoni na kuyabeba kwa siku kadhaa mpaka yaanguliwe, na muda huo karibu hali kitu. Mataya yake huvimba, kidevu hushuka, na kutoka pembeni unaweza kuyaona mayai yakijaza nafasi kati ya midomo. Kila baada ya muda huachama kwa ghafla, huyasukuma mayai mbele mpaka karibu yatoke, huyageuza ili yote yapate maji mapya, kisha hufunga kinywa. Tendo hilo huisha kabla hujamaliza kulitambua.

Ugumu wa kwanza ni wa mwanga. Nilitaka dume peke yake aangazwe, bila vurugu ya matumbawe yaliyo nyuma yake, na kwa hiyo niliivalisha flashi moja bomba jembamba linalobana mwanga uwe doa dogo lenye upana wa sarafu. Doa hilo likikosea kwa upana wa kidole, picha yote ni giza. Ugumu wa pili ni wa ulengaji: katika makro ya namna hii, hata ukitumia f/22, sehemu inayoonekana kwa ukali ni ya milimita chache. Sikuiachia kamera itafute yenyewe. Nilifunga umbali wa lenzi, kisha nikasogea mimi mwenyewe mbele na nyuma kwa pumzi, kifua kikijaa kidogo na kupungua kidogo, mpaka ukingo wa mdomo wa samaki ulipokuwa mkali kwenye kiwambo. Ugumu wa tatu ni kwamba flashi huhitaji muda wa kujijaza tena, hivyo huwezi kufyatua mfululizo na kutumaini bahati. Unapata nafasi moja kwa kila mara anapoachama.

Kilichosaidia ni kumtazama kabla ya kuinua kamera. Dume huyu alikuwa na dalili yake: mapezi ya pembeni yalisimama kwa muda mfupi tu kabla ya kinywa kufunguka. Nilipoijua dalili hiyo niliacha kutazama mdomo nikawa natazama pezi, na nikabofya pezi liliposimama. Katika picha iliyofaulu mayai yametokeza nusu nje ya midomo, na kwa kuwa yalikuwa yamekaribia kuanguliwa, ndani ya kila yai kuna jozi ya macho ya rangi ya fedha. Jicho la baba liko juu yao, nalo liko wazi barabara.

Sikuendelea sana baada ya hapo. Dume anayesumbuliwa anaweza kuyatema mayai au kuyameza, na dalili ya kuchoshwa ni rahisi kuisoma: hukupa mgongo. Akikupa mgongo mara moja, unasubiri. Akirudia, unaondoka, hata kama picha uliyoijia bado hujaipata. Kwa msimamo huohuo sishiki, sisogezi wala sichokozi kiumbe chochote ili kipendeze kwenye picha, na natamani kila anayeingia majini na kamera angeliweka sharti hili mbele ya vifaa vyake vyote.

Picha zote nne nilizihifadhi katika faili ghafi, yaani kama kamera ilivyozipokea bila kuzichakata, kwa sababu faili ya namna hiyo huruhusu kurekebisha rangi bila kuiharibu. Katika ya kasa nilipunguza kijani kidogo ili maji yarudie buluu niliyoiona. Katika ya mkunga nilifuta chembe chache zilizobaki kwenye weusi wa tundu. Ya pweza nimeiacha na chembe zake zote, kwa kuwa baadhi yake ni mchanga aliotimua mwenyewe alipokuwa akinikaribia. Ya dume mwenye mayai nimeikata upande wa kushoto tu, palipokuwa na tawi la tumbawe lililoshika mwanga kidogo, na mayai yenyewe sikuyagusa.