Theluthi moja ya viti vya bodi

Jumamosi kwenye mkutano mkuu wa SACCO yetu, yaani chama chetu cha akiba na mikopo, hapa Arua, Uganda, tulibishana hadi jua likazama. Hoja ilikuwa kuwatengea wanawake theluthi ya viti vya bodi, nami niliiunga mkono. Mzee mmoja akaniambia, "Binti yangu, uongozi hupatikana kwa uwezo, haugawiwi."

Nikamjibu: mzee wangu, Katiba yetu ya Uganda ya 1995 inatenga theluthi ya viti vya halmashauri kwa wanawake, na kila wilaya ina mbunge wake mwanamke. Kwa nini pesa zetu ziwe tofauti? Norway ilipitisha sheria ya asilimia 40 kwa bodi za kampuni kubwa tangu 2003, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2022.

Meza ya mbele walikaa wanaume pekee. Dada anayetunza vitabu vyetu alikuwa amesimama mlangoni na daftari la mahudhurio, kalamu kaichomeka kwenye kilemba. Anajua nani kalipa na nani anadaiwa. Mkopo ukichelewa, anapigiwa simu yeye. Kwenye bodi hayumo!

Wapo wanaohofia viti vitaishia kwa wake na mabinti wa wakubwa. Hofu hiyo naikubali, yametokea kwingi. Ndiyo maana nataka kura ya siri ya wanachama wote, si uteuzi wa mwenyekiti.

Hoja imeahirishwa hadi mkutano ujao. Akina mama wa sokoni, tafadhali msikose. Ninyi ndio wenye akiba nyingi humo.