Ugomvi Ninaouonea Wivu

Meinifremu, yaani kompyuta kubwa inayotumiwa na watu wengi kwa pamoja, ninayojifunzia siku hizi imo ndani ya laptopu yangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Ni programu ya bure iitwayo Hercules, ambayo Roger Bowler aliianzisha mwaka 1999, na kazi yake ni kuigiza mashine kubwa za IBM, zile za ukoo ulioanzia kwenye System/360 mwaka 1964. Inakwenda taratibu mno. Kusakinisha juu yake toleo la zamani la Debian, mojawapo ya aina za mfumo endeshi wa Linux, ni kazi unayoianza baada ya chakula cha usiku, unalala, unaamka alfajiri kutazama imefika wapi, huku ukiomba umeme usikatike.

Wenzangu kazini wananiuliza nitaitumia wapi. Sina jibu la kuwaridhisha. Mimi ni mtu wa seva za kawaida, Linux ndiyo inayonilisha, na nilitaka kuona kama Linux ni ileile popote uiwekapo. Amri ni zilezile, kweli. Mazoea ndiyo yanayokataa.

Chukua konsoli, yaani skrini na kibodi ya kuamrisha mashine moja kwa moja. Terminali za 3270, ndizo konsoli za meinifremu, hazitumi herufi moja moja unapoandika. Unajaza skrini, unabonyeza Enter, ndipo kila kitu kinakwenda kwa mkupuo. Kwa hiyo vi, programu ya kuhariri maandishi ambayo vidole vyangu vinaijua hata gizani, haifanyi kazi pale mpaka mtandao uwake na uingie kutoka mbali kwa ssh. Na kama kilichoharibika ni faili la mtandao wenyewe? Unarudi kwenye ed, kihariri cha kale zaidi, unahariri mstari mmoja mmoja. Nilikereka, kisha nikaanza kuipenda ed. (Msiwaambie wenzangu.)

Konsoli ni kero ndogo lakini. Kubwa ni kuishi na wengine. Seva ya kawaida ni nyumba yako mwenyewe; meinifremu ni nyumba ya kupanga yenye LUKU moja. Chini ya z/VM, mfumo wa IBM unaoigawa meinifremu moja, zinaweza kukaa mashine pepe (kompyuta za kuigizwa) mamia, kila moja na Linux yake, zote zikigawana prosesa zilezile na kumbukumbu ileile. Sasa Linux ya miaka ile ilikuwa na saa iliyogonga mara 100 kwa sekunde, iwe ina kazi au haina. Kwenye kompyuta ya mezani hakuna anayejali. Kwenye nyumba ya kupanga, wapangaji mamia wanaoamka kila mara kuuliza kama kuna kazi wanamaliza umeme wa kila mtu, na z/VM inadhani wote wako macho, kwa hiyo inasita kuwapunguzia kumbukumbu. Ilibidi kerneli, kiini cha Linux, irekebishwe ili saa inyamaze pasipo na kazi.

Kumbukumbu nayo ina kisa chake. Linux ikiona nafasi tupu huijaza data za diski, na sisi tumelelewa tukiamini kwamba RAM isiyotumika ni hasara. Kule kumbukumbu ni ya wote, kwa hiyo ushauri ni kinyume: ipe kila Linux kumbukumbu kidogo, hata ianze kugusa swapu, ile akiba ya pembeni RAM inapojaa. Nilipousoma nilidhani waandishi wamekosea. Mwaka 2000 David Boyes aliwasha Linux zaidi ya 41,000 kwenye mashine moja, na namba hiyo ilivuma sana. Ni ya kweli, ila kuziwasha si sawa na kuzipa zote kazi.

Nikisoma habari za miaka ile, baada ya IBM kutoa msimbo wa Linux kwa S/390, meinifremu zake za wakati huo, Desemba 1999, naona makwazo mengi yalikuwa ya watu. Baadhi ya draiva za mtandao, yaani programu za kuendesha vifaa vya mtandao, zilitoka bila msimbo wake wa chanzo, hivyo ukibadilisha kerneli unabaki kuisubiri IBM. Watu wa Linux hawakupenda. Watu wa meinifremu, waliozoea kuomba kibali kabla ya kugusa chochote, walishangaa vijana wanaowasha upya seva mchana kweupe. Nani mwenye diski? Nani anagawa anwani za mtandao? Nani anapewa nywila ya root, mtumiaji mwenye mamlaka yote?

Mimi nauonea wivu ugomvi huo. Kijana wa huko alikuwa na mzee wa z/VM chumba cha pili, wa kubishana naye. Kwetu Tanzania mnyororo ulikatika: Wizara ya Fedha ilisimika kompyuta mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Zuio liliondolewa baadaye, na wengi wetu tukaanzia moja kwa moja kwenye kompyuta za mezani.

Mmoja nimempata, hata hivyo. Mzee jirani yangu alikuwa opereta Dar es Salaam enzi za kadi za matundu. Jana nilimpelekea laptopu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Hiyo Linux yako ikianguka usiku, anapigiwa nani?”

Nikamwambia anapigiwa aliyeisakinisha, yaani mimi.

“Na ukiwa Kondoa msibani?”

Nikajitetea kwamba kila kitu kimo kwenye skripti. Akasema skripti haipokei simu. Tukabishana mpaka mkewe akaja kuuliza kuna nini. Kabla sijaaga akanipa sharti: Jumamosi nije na utaratibu wa kuizima na kuiwasha, umeandikwa kwenye karatasi, ambao yeye asiyejua Linux anaweza kuufuata bila kuniuliza neno.