Dira ilipogeuka: ncha nyekundu kuelekea kusini

Kuhakiki dira ni rahisi: elekeza mkono wa kulia kwenye macheo, mbele yako ni kaskazini. Ncha nyekundu, inayopaswa kuonyesha kaskazini, ilitazama nyuma. Dira ilikuwa imelala mfukoni na simu yenye kava la sumaku, ambalo liligeuza usumaku wa sindano. Uga wa sumaku wa dunia, mikrotesla (kipimo cha nguvu ya uga huo) 25 hadi 65 tu, huielekeza sindano, kugeuza usumaku wake hauwezi.

Ili kuirekebisha, nilining'iniza sumaku ndefu kwa uzi. Upande uliotulia kuelekea kusini ndio unaotakiwa. Nikainamisha dira mpaka sindano ikakwama, nikaburuta upande huo juu ya kioo, kutoka katikati hadi ncha nyekundu. Usirudishe sumaku ikiwa imegusa kioo, utaharibu kazi, inua kwanza. Sindano ikiwa bado nzito kugeuka, rudia mara mbili tatu.