Nilivyoendesha mchezo wa sarafu na dadu Newala na wenzangu wa ng'ambo

Katika sayansi ya utambuzi wa dini, yaani uchunguzi wa jinsi akili ya binadamu inavyobeba imani, kuna swali lisilojibika kwa kijiji kimoja: je, anayeamini kwamba Mungu anaona na kuadhibu humtendea haki muumini mwenzake wa mbali asiyemjua? Utafiti ulioongozwa na Benjamin Purzycki, uliotoka katika jarida la Nature mwaka 2016, ulishirikisha watu 591 wa jamii nane, Wahadzabe wetu wa Tanzania wakiwemo. Kipimo kilikuwa sarafu 30, vikombe viwili na dadu ya rangi mbili.

Mchezo ni huo huo niliouendesha vijijini Newala, kusini mwa Tanzania, nikishirikiana na watafiti wa ng'ambo. Kikombe kimoja ni cha mshiriki, kingine cha muumini wa mbali. Kwa kila sarafu, mshiriki anachagua kikombe kimoja moyoni, anarusha dadu. Ikija rangi ya kwanza, sarafu inaingia alikowaza. Ikija ya pili, inaingia kule kwingine. Alichowaza anakijua mwenyewe tu, hivyo anaweza kujipendelea bila kugunduliwa. Asiyependelea hutarajiwa kuweka 15 kila upande, ila bahati tupu huweza kumpa 10 au 20, kwa hiyo sarafu za mtu mmoja hazithibitishi chochote. Kinachosomwa ni wastani wa kundi.

Siri ndiyo roho ya kipimo hiki, na huvuja kirahisi. Sarafu ikianguka kwenye kikombe cha bati inasikika hadi nje, mshiriki akajua anahesabiwa. Nilitumia vya plastiki, chini nikatandika kitambaa, na hesabu ikafanyika baada ya mtu kuondoka, bahasha ikiwa na namba bila jina. Ofisi ya mtendaji haifai, maana mtu atacheza kama anayekaguliwa. Msikiti na kanisa navyo havifai. Erik Duhaime alionyesha mwaka 2015 kwamba wenye maduka wa Marrakesh walikuwa wakarimu zaidi adhana iliposikika, kwa hiyo kila karatasi yangu ilikuwa na saa na alama ya adhana. Mfungo wa Ramadhani tuliuepuka, na msimu wa minada ya korosho pia: shilingi 3,000 ya Machi si shilingi 3,000 ya Novemba, wakati fedha za korosho ziko mikononi.

Halafu dadu yenyewe. Kwa Waislamu wengi wa huku, dadu ni kamari. Nilianza kwa shehe, kisha mchungaji, nikawaonyesha kwamba mshiriki haweki senti yake wala hana cha kupoteza. Kura za karatasi badala ya dadu zingepunguza maneno, lakini takwimu zisingelingana na za wenzangu wa ng'ambo. Badiliko la namna hiyo huamuliwa na timu nzima kabla ya kazi, kamwe si na msaidizi aliye peke yake kijijini.

Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kikishatoka, barua hupita mkoani, wilayani, halmashauri, kwa mtendaji wa kata, ndipo kijijini. Mapema zaidi nilidai makubaliano ya maandishi: nani anaandika sehemu gani, majina yanapangwaje, nakala ya data ghafi inabaki chuo gani hapa nchini. Bila karatasi hiyo, aliyekusanya data huishia kwenye aya ya shukrani, na hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

Fedha za kikombe cha mbali zilipelekwa kweli. Stakabadhi yenye saini za wapokeaji nilimkabidhi mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu washiriki walikuwa na haki ya kuiona.