Jinsi nilivyookoa kodi ya jimbo kwenye hela ya 401(k), Pennsylvania

Jamani mwaka jana niliacha kazi ya ghala huku Pennsylvania nikatoa 401(k) yote (akiba ya uzeeni ya kazini), dola 9,000, na bado sijafika miaka 59 na nusu, si shida tu. Kodi ya shirikisho na ile faini ya asilimia 10 ya kutoa mapema nilizitegemea. Kilichonishtua ni programu ya kodi kunipigia na jimbo 3.07% kwenye hela yote, dola 276 na senti 30!

Nikatoa W-2 za zamani (fomu za mshahara za kila mwaka toka kwa mwajiri) kwenye bahasha, nikaona kisanduku 16 (mshahara unaotozwa na jimbo) kimezidi kisanduku 1 (unaotozwa na shirikisho) kila mwaka. Kumbe Pennsylvania ulishakatwa kodi wakati unachangia, haikusamehi kama shirikisho, kwa hiyo ukitoa mapema inatoza tu kinachozidi ulichochangia mwenyewe. Nikajumlisha kisanduku 12 herufi D (nilichochangia 401(k)) miaka yote, 7,800, nikaijaza kwenye sehemu ya 1099-R (fomu ya hela uliyotoa kwenye akiba) upande wa jimbo (programu ilikuwa imeiacha tupu, we!). Ikabaki 1,200 ya kutozwa, kodi dola 36 na senti 84.

Ukihama kazi usitupe W-2, hata zenye madoa ya chai.