Jasho la usiku wa baridi na daktari wa kwenye simu

Mwezi wa Juni hapa Lushoto watu hulala na mablanketi mawili, nami nilikuwa nikiamka saa nane za usiku nikiwa nimelowa jasho hadi kwenye mto. Kwa muda wa miezi mitano nilikwenda zahanati mara tatu. Kila mara nilipimwa malaria, kipimo kikaonyesha sina, nikaulizwa kama siku za karibuni nilishuka Mombo kwenye mbu, kisha nikarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Nilikuwa na miaka 49, na hakuna aliyeniuliza hedhi yangu ya mwisho niliipata lini.

Mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam ndiye aliyenilipia nizungumze kwa simu na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Siku hiyo nilipanda hadi ukingo wa shamba lililo juu ya shule ninayofundisha, kwanza kwa sababu mtandao unashika vizuri pale, na pili kwa sababu nyumbani kwetu hakuna chumba ambacho mtu anaweza kuzungumzia ukavu wa uke bila kusikiwa na watoto au wakwe. Swali la kwanza la daktari lilikuwa lile ambalo sikuwahi kuulizwa.

Alinieleza kwamba hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila kuiona, jambo ambalo kwa wanawake wengi hutokea kati ya miaka 45 na 55, lakini kabla ya hapo kuna kipindi cha mpito kinachoweza kuchukua miaka kadhaa, ambamo homoni ya estrojeni hupanda na kushuka bila mpangilio, na hiyo ndiyo inayoleta joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi na moyo kwenda mbio. Nilipomwambia kwamba nimesikia dawa za homoni huleta saratani, hakunikemea. Alisema hofu hiyo ilienea zaidi baada ya sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani kusitishwa mwaka 2002 kwa sababu ya hatari iliyoonekana, ikiwemo ya saratani ya matiti, na kwamba uchambuzi uliofuata ulionyesha kuwa umri wa kuanza dawa una uzito mkubwa: kwa mwanamke ambaye hajafika miaka 60, au ambaye miaka 10 haijapita tangu hedhi yake ikome, na ambaye hana kizuizi kingine, faida mara nyingi huzidi hatari. Kisha akaniuliza juu ya kuganda kwa damu, ini, saratani katika ukoo wetu, na kama bado nina kizazi, kwa kuwa mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake. Alinituma kwenye zahanati ileile nikapimwe presha kabla ya kuandika chochote. Dawa yenyewe haikupatikana hapa. Ilinunuliwa Tanga mjini, ikaja na basi.

Mazungumzo yote yalichukua dakika 40. Kilichonisaidia zaidi kilikuwa maswali yaliyoulizwa kwa mpangilio na mtu anayejua anachokitafuta, na hayo yanapita kwenye simu bila kupungua. Ndiyo maana naamini tiba mtandao inawafaa wanawake wa rika langu kuliko wagonjwa wengine wengi.

Nchi yetu haianzi sifuri katika jambo hili. Mwaka 2012 ilizinduliwa huduma ya Wazazi Nipendeni, ambayo mjamzito aliipata kwa kutuma neno tu kwenye simu yoyote, akawa anapokea ujumbe wa bure kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba yake. Leo mfumo wa m-mama, kwa namba 115, humtafutia gari mjamzito au mama aliyejifungua anapopata dharura. Nimefurahi kila nilipoona mifumo hiyo ikiokoa watu, ila nasikitika kwamba uangalizi huo hukoma pale uwezo wa kuzaa unapokoma, kana kwamba mwanamke wa miaka 50 hana mwili unaohitaji maelezo.

Hofu yangu nyingine ni kwamba huduma hizi zitabaki za wenye simu janja, bando na ndugu wa kuwalipia. Rwanda ilionyesha njia: kwa miaka kadhaa huduma ya Babyl ilipatikana hata kwa kitochi, mgonjwa akapigiwa na muuguzi, akaunganishwa na daktari palipohitajika, na dawa au vipimo akavipata kwa namba ya siri iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, huku bima ya jamii ikihusishwa katika malipo. Ilifungwa mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza ilipoanguka. Kwangu mimi hiyo ni sababu ya kutaka huduma kama hii iwe chini ya bima yetu ya taifa na wauguzi wetu wenyewe.

Wiki iliyopita jirani yangu, ambaye hedhi yake ilikoma miaka miwili iliyopita, alikuja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba ameanza tena kutoka damu, na kwamba anadhani ujana umerudi. Nilimpa simu yangu, nikatoka nje, nikafunga mlango. Daktari hakumwandikia dawa. Alimwambia kwamba damu inayotoka baada ya hedhi kukoma lazima ichunguzwe, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya saratani ya kizazi, na kwamba uchunguzi huo unahitaji ultrasaundi na mikono ya mtu aliye mbele yake. Mumewe ameshatoa nauli. Tutaondoka Jumatatu kwa basi la alfajiri, yeye na mimi.